Nimegeuka mshenga wa maboga

Naishi Mabogini, huku bondeni chini ya mji wa Moshi, na misimu miwili mizima nililima maboga nikavuna sifuri. Watu wa Moshi mjini nikiwaambia hivo wanacheka kabla sijamaliza, mimi nshazoea, nawaacha wacheke kwanza alafu ndo naendelea. Ni kama mtu anaishi Mto wa Mbu alalamike hajawahi kuumwa na mbu. Ila huku bondeni kwetu mfalme ni mpunga, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani ikakamilika 1987 ndo imeshika ardhi yote nzuri, ukikaa barazani kwangu ukiangalia kusini ni majaruba mpaka macho yachoke, ukigeuka kaskazini ni mlima kama mawingu yamekubali. Boga ni kitu cha pembeni, cha kwenye uzio, cha nyuma ya choo. Hakuna mtu anaitisha kikao kwa ajili ya boga.

Sasa hizo sifuri zilivyokuwa. Boga changa linatokea chini ya ua, kijani mpauko, limeviringa, lina manyoya madogo ukiligusa ni kama shavu la mtoto. Linakaa siku mbili tatu linang'aa unajisifia. Siku ya nne ile ncha ya mbele, pale ua lilipokaukia, inageuka njano. Siku ya tano njano imepanda mpaka katikati na boga lote limelegea kama ndizi iliyokaliwa kwenye daladala. Siku ya saba unaligusa tu linadondoka lenyewe. Msimu wa kwanza nilihesabu ishirini na tatu, nikaacha kuhesabu kwa hasira.

Jirani yangu Mama Shaabani akasimama kwenye uzio siku moja jioni, akaangalia, akaguna. "Mama Kelvin, hayo mtu kayanyooshea kidole."

Kama umelelewa uchagani, au popote pengine nchi hii kwa kweli maana nimeulizia hadi kwa Wahaya na Wasukuma, hilo huhitaji kuelezwa. Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kumwonyesha mtu unakunja ngumi, au unakunja kidole unaonyesha na kifundo. Bibi yangu wa kule Kibosho mlimani alikuwa na maboga yake kihambani, lile shamba la nyumbani, yanatambaa chini ya migomba na kahawa mengine yanapanda mpaka kwenye uzio wa masale, na sisi wajukuu tulikuwa tunatembea mle tumekunja ngumi kama mabondia. Nikiwa na miaka kama sita nilisahau nikanyoosha, na kweli baada ya siku kadhaa likaoza. Sikupigwa. Bibi aliniangalia tu akasema "umeona?" na hiyo "umeona" nimetembea nayo zaidi ya miaka thelathini.

Na hapa ndo aibu inapoanzia, maana mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Nifafanue nilivyoanza kwanza. Tulihamia huku 2021, kiwanja ni cha kawaida tu, nyumba imekula nusu na nusu ya nyuma ikabaki pori. Mwaka uliofuata masika yakikaribia nikaenda Mbuyuni sokoni nikanunua boga moja kubwa la rangi ya majivu, tukalila siku nne, tamu kavu, lile ukilibonyeza na uma linapasuka kama kiazi mviringo kizuri, nikasema mbegu hizi sizitupi. Nikazianika kwenye ungo. Mvua za kwanza za mwezi wa tatu nikachimba mashimo, futi moja na nusu kila upande, kila shimo debe la samadi kutoka kwa Baba Eliya anayefuga, mbegu tatu tatu. Siku ya sita zikatoka. Konokono wakala nusu, nikazungushia majivu, zilizobaki zikashika.

Kosa la kwanza nililifanya hapo na sikulijua: mashimo yangu yalikuwa hatua moja kutoka jingine. Boga linataka mita mbili toka shina hadi shina na hata hapo bado litakuomba zaidi. Wiki ya sita nilikuwa siwezi kufika kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kosa la pili, samadi ile ilikuwa nyingi na mimi bado nikaongezea yuria, kijiko kimoja kila shina, kwa sababu niliona majani yanapendeza nikataka yapendeze zaidi. Naitrojeni ikizidi boga linafanya majani, majani, majani. Kupata matunda linakuwa halina haraka kabisa.

Ila majani tulikula aisee. Hapo siwezi kusema nilipata hasara. Kuna watu wanalima boga kwa ajili ya majani tu na sasa nawaelewa. Unachuma yale machanga ya kwenye ncha, majani matatu manne ya mwisho pamoja na kile kikonyo chake, usiguse yale mapana ya nyuma yaliyokakamaa. Alafu kazi ni kumenya nyuzi, unavunja kikonyo kidogo kwa juu unavuta taratibu, uzi unatoka mrefu na ukipata bahati unatoka na ile ngozi ya chini ya jani yenye vimiba, ukikatika katikati unaanza upya upande mwingine. Kelvin nilimfundisha kazi hiyo akiwa na miaka saba na mpaka leo ananidai. Ukiyasugua kwenye maji kidogo yanapoteza ule ukali. Kisha kitunguu, nyanya, majani, karanga zilizosagwa ukizikoroga na maji ya uvuguvugu kwanza zisifanye madonge, moto mdogo. Bibi anaweka magadi kidogo yalainike haraka, mimi siweki, naona yanaharibu ladha na yanaacha utelezi, ila usimwambie.

Maua nayo yakaja. Wiki ya saba hivi asubuhi bustani nzima njano, makubwa kama tarumbeta, nikapiga picha nikaweka statasi. Watu wakanipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba yale yote yalikuwa madume.

Hivi ndo lilivyo boga: maua dume na maua jike yako kwenye mmea mmoja ila kila moja peke yake, na madume yanatangulia wiki moja au hata mbili, yanachanua yanafunga yanadondoka, hayana la kufanya, yanasubiri. Joto likiwa kali madume yanazidi zaidi, na huku bondeni joto si la kuuliza, Kibosho wanavaa sweta sisi tunalala barazani. Majike yanakuja baadaye na yanakuja machache, moja leo, mbili kesho kutwa. Na ua moja linaishi asubuhi moja tu. Linafunguka kabla jua halijachomoza vizuri, saa nne linaanza kusinyaa, saa sita limefunga na halifunguki tena. Kama hakuna aliyelifikishia unga wa dume, yaani chavua, ndani ya masaa hayo, lile boga dogo lililoko chini yake linakaa siku chache kwa heshima tu, kisha linageuka njano.

Haya yote nilikuwa nayafundisha. Kidato, sura, mchoro na maswali. Ubaoni nachora hibiskasi, naelekeza stameni hii hapa stigma hii hapa, alafu nasema kuna maua ya jinsia moja mfano boga na papai, andikeni, tunaendelea. Nimesema sentensi hiyo miaka kumi na mbili. Sasa siku moja nikiwa naisema tena, binti mmoja kutoka Chekereni, wa nyuma kabisa ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Madam, sasa ukiwa shambani la kike unalijuaje?"

Nikamjibu kitabu. Halina stameni, lina ovari chini ya petali. Akatikisa kichwa kama mtu anayeniongezea maksi kwa huruma. "Kwetu tunaangalia lile lenye katumbo."

Katumbo! Darasa likacheka na mimi nikacheka, ila nilivyotoka pale nilikuwa natembea kwa akili nyingine. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikatoka na kanga na tochi ya simu, nikapekua ua moja moja. Dume lina kikonyo kirefu chembamba kimenyooka, ndani lina kijiti kimoja kilichopakwa unga wa njano. Jike linakaa chini karibu na shina, kikonyo kifupi kinene, na katumbo kake hako hapo, boga zima limeshaumbika kabla hata ya harusi. Ndani lina kitu kama tumdomo tunene tunene tumebebana. Nilikuwa nikiona hivo vitumbo kila siku nikidhani ni maboga yaliyoshashika, kumbe ni maboga yanayosubiri.

Na nyuki? Hilo ndo nililojiuliza nimesimama pale. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka saa tatu, nikaona nyuki wawili, na mmoja alikuwa anapita. Unga wa boga ni mzito na unanata, upepo haubebi, lazima mdudu, na ua moja linataka atembelewe mara nyingi ndo litunde vizuri, likipata unga kidogo boga linatoka limepinda upande kama mtu anayeumwa jino. Sasa masika mvua inapiga asubuhi nyuki hatoki. Na isiponyesha, watu wana mpunga wao, wanapuliza dawa na wanapuliza asubuhi kwa sababu mchana jua ni kali. Siwalaumu, mpunga ndo ada za shule huku. Lakini nyuki yeye hajui hii ni dawa ya funza wa mpunga, anapita tu.

Kwa hiyo nikaanza ushenga.

Masika ya 2023 nilipanda mashina sita tu, mita mbili mbili, samadi kiasi, yuria nikaiacha dukani. Majike yalipoanza nikawa naamka kabla ya adhana ya Mama Shaabani kumwamsha yeye. Unachuma dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, unalivua petali zote libaki lile fimbo lenye unga kama kijiti cha kiberiti, unaenda kwa jike, unapaka kwenye ile midomo yote kwa kuzungusha, taratibu, usibonyeze. Dume moja linatosha jike moja, nikiwa nayo mawili natumia mawili. Mvua ikikaribia nalifunga jike kwa juu na kibanio cha nguo maji yasiingie. Dakika mbili umemaliza. Kuna ule msemo ukipenda boga penda na ua lake, nilikuwa naandika kwenye kadi za send-ofu za watu bila kuufikiria, na kwa kweli wahenga wangetusaidia zaidi wangesema ua lipi.

La kwanza nililolipaka nililiwekea uzi mwekundu. Siku ya nne halikugeuka njano. Siku ya tano limefikia ngumi. Siku ya saba kikonyo chake kilikuwa kimeinama kwa uzito na mimi nilikuwa namwonyesha Baba Kelvin kwa kidole kilichonyooka kabisa, makusudi, huku moyo unanidunda kama mwizi. Miaka ishirini ya shule na bado nilikuwa naogopa.

Halikuoza. Yaliyofuata mawili yakaoza.

Yaani usidhani nilishafika. Yale mawili yalikuwa yameshika vizuri, ukubwa wa chungwa, alafu nikaona kwenye ngozi tone dogo linang'aa kama gundi. Chini ya hilo tone kuna kitundu ambacho sindano ingeona haya. Nikapasua: ndani uji, na funza weupe wadogo wanarukaruka. Huyo ni inzi wa matunda, yule mwembamba wa rangi ya kahawia na manjano anayetembea juu ya boga kama mkaguzi, jike lake linachoma ngozi ya boga likiwa bado laini linaingiza mayai, funza wanakula kutokea ndani, boga linaoza linadondoka, wao wanaingia kwenye udongo wanatoka wameota mabawa. Kwa hiyo kile nilichokuwa nafanya msimu wa kwanza, kuokota yaliyooza na kuyatupa kwenye shimo la mboji palepale bustanini, ni sawa na kuwajengea hosteli. Sasa nayaweka kwenye kiroba cha sandarusi nafunga mdomo naacha juani wiki nzima juu ya bati la banda. Zamani ningetumia rambo jeusi ila marambo si yalipigwa marufuku 2019, kiroba kinafanya kazi vilevile.

Na mabichi nayavisha. Mwanzo nilitumia bahasha za kaki, mvua ikazila. Nikahamia kwenye soksi za shule za Kelvin zilizotoboka kisigino, unapasua mbele unaingiza boga likiwa kama limao unafunga kwa uzi juu, inanyooka nalo. Likifika ukubwa wa kichwa cha mtoto ngozi imeshakuwa ngumu kwa inzi, unavua unavalisha jingine. Mtu akipita njiani anaona bustani ya soksi. Baba Eliya aliniuliza kama ni dawa ya kimila, nikamwambia ndio.

Ukungu mweupe nao ulikuja mwishoni, majani kama yamemwagiwa unga wa sembe. Nilichanganya maziwa kikombe kimoja na maji vikombe tisa nikapuliza mara moja kwa wiki juu na chini ya jani. Nilidhani ni mambo ya YouTube kumbe kuna watafiti Brazil waliijaribu kwenye zukini, ndugu yake boga, wakachapisha 1999 na inafanya kazi. Haiponyi jani lililokufa, inachelewesha tu, na mwisho wa msimu kuchelewesha kunatosha.

Nilivuna kumi na moja. Kwa mashina sita sio nyingi, najua watu wana mashina wanatoa zaidi ya hapo bila hata kuyaangalia. Kubwa lilipanda kwenye mizani ya Mangi wa dukani likasoma kilo saba na robo, Mangi akataka kulinunua hapohapo nikakataa kama mtu aliyeombwa kuuza mtoto.

Kuvuna nako kuna mashariti na haya sikuyajua kwenye kitabu, haya ni ya Bibi. Usivune kwa sababu limekuwa kubwa, boga linaweza kuwa kubwa na likawa maji matupu. Bonyeza na ukucha, ukiingia bado. Angalia kikonyo, kikiwa kijani na chenye maji bado, kinatakiwa kiwe kimekauka kimepasukapasuka kama kizibo cha zamani. Kata na kisu, acha kikonyo kirefu kama kidole, usilibebe kwa kikonyo hata siku moja maana kikichomoka pale ndo uozo unapoingilia. Alafu liache juani wiki au siku kumi, usiku ukiwa na umande liingize, ngozi ikakaze. Baada ya hapo linakaa miezi. Bibi yalikuwa chini ya kitanda chake, yamepangwa, tulikuwa tukilala kwake tunanyoosha mguu unagusa kitu baridi cha mviringo. Na likikaa wiki tatu nne baada ya kuvunwa linakuwa tamu zaidi kuliko siku ulilolikata, ile wanga ndani inageuka sukari taratibu. Kwa hiyo yule anayelivuna Jumamosi akalipika Jumapili anajidhulumu.

Kupika sasa hapo ndo kila mtu na kwao. Bibi anakata vipande vikubwa na maganda yake, anapanga kwenye sufuria nyama ikiangalia juu, maji kidogo sana, anafunika kwa jani la mgomba kabla ya mfuniko, linaiva kwa mvuke. Unakula na maziwa ya mgando na mikono inanata. Sukari haiwekwi, ukiweka sukari umelitukana. Mama Shaabani kwao ni Pangani, yeye analimenya, anakata vipande vya kistaarabu, tui jepesi kwanza likiiva tui zito, iliki, chumvi ya kubana na sukari kidogo, Ramadhani ananiletea bakuli limefunikwa na kawa na mimi namrudishia bakuli na majani yaliyomenywa nyuzi kwa sababu bakuli halirudi tupu. Nilishajaribu kupika la kwake nikalikata tui. Mbegu hatutupi, tunakaanga na chumvi kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kuruka, Kelvin anazibeba shule mfukoni na suruali zote zina chumvi.

Mwezi wa nane nikapanda Kibosho na boga moja kwenye kiroba, gari lilijaa nikalipakata kama mtoto. Bibi ana miaka themanini na kitu, kadi ya kliniki inasema hivi yeye anasema vile. Akaligonga kwa kifundo, akasikiliza, akaligeuza akaangalia kikonyo. Nikamweleza yote, dume, jike, katumbo, unga, nyuki, inzi, soksi, nikamweleza na ile habari ya kidole, kwamba Bibi mimi nimenyoosha kidole kwa makusudi na halikuoza, yanayooza ni yale yasiyopata unga au yaliyochomwa na inzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, Bibi hajawahi kunikatisha maneno.

"Umepata mangapi?"

"Kumi na moja Bibi."

"Kwa mashina sita?"

"Sita."

"Umeona?" akasema, akaingiza boga chini ya kitanda.

Kwenye mbegu nilijikwaa tena na hili ndo nataka watu walisikie maana linagharimu msimu mzima. Vuli ile nilichukua mbegu za lile la kilo saba nikapanda, nikapata vitu vya ajabu. Moja refu, moja la njano lenye madoa, mengine mazuri ya kuangalia na ndani maji na nyuzi kama dodoki. Nikadhani nimeuziwa kitu sokoni mwanzo. Kumbe si boga lenyewe lililobadilika, ni mtoto. Boga ukilila mwaka huu ni lile la mama yake, haijalishi dume alitoka wapi. Ila mbegu ndani zimebeba na baba, na kuna siku nilichelewa kuamka nyuki akaniwahi na unga wa kwa jirani. Msimu unaofuata ndo unamwona baba.

Na sio kila boga linaoana na kila boga. Angalia kikonyo tena: lile la majivu kubwa kikonyo chake ni cha mviringo, laini kama kizibo, hiyo ni jamii moja. Lile la shingo ndefu rangi ya kahawia, na batanati, kikonyo chake ni kigumu chenye pembe tano na kinatanuka pale kinaposhika boga kama mguu wa bata, hiyo ni jamii nyingine. Zukini ni ya tatu. Kwa kawaida jamii na jamii hazichanganyiki kirahisi, wa jamii moja ndo wanachanganyika sana. Kwa hiyo nina la majivu na batanati bustani moja na wanaishi kwa amani, ila jirani akipanda la njano la jamii ya la majivu nina kazi. Zote tatu hata hivyo asili yake ni Amerika, zilivuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kufika kule, zikaingia kihambani zikakaa kama zimezaliwa hapo. Mwenyeji wa Afrika ni mmumunye, ule wa vibuyu vya kukatia kata za mbege, na ua lake ni jeupe na linafunguka jioni kwa ajili ya nondo. Bibi nilivyomwambia boga ni mgeni alisema hata kahawa ni mgeni na imesomesha watu.

Mbegu za kutunza kwa hiyo nafunga. Jioni unaangalia ua litakalofunguka kesho, unalijua kwa sababu ncha imeanza kuwa na rangi ya njano na imevimba, unabana jike na vibanio na dume pia. Asubuhi unafungua, unapaka, unabana jike tena mpaka linyauke. Uzi mwekundu. Hilo haliliwi mpaka mbegu zitoke.

Na kitu kimoja siwezi kukiacha. Ukionja kipande kibichi kikiwa kichungu, kichungu kama klorokwini, usiseme nitaongeza sukari, usimpe hata nguruwe, tupa. Kuna sumu ile jamii yote ya maboga na matango inaweza kuwa nayo, kupika hakuitoi, na inakuja mara nyingi kwenye mbegu zilizochanganyika na yale ya porini au ya mapambo. Onja kidogo na ncha ya ulimi kabla ya kuweka jikoni, basi.

Leo nimeandika haya nikiwa nimechoka maana asubuhi imekuwa na vituko. Nimetoka na tochi, nakuta majike matatu yamefunguka, mazuri, yana vitumbo vya kushiba, na dume hata moja. Madume ya jana yote yameanguka, ya kesho bado yamebana. Saa kumi na mbili na nusu nimesimama kwenye uzio na kanga na malapa napiga hodi kwa sauti ya chini, Mama Shaabani ana shina moja la majivu nyuma ya jiko, mbegu zake ni zangu.

"Mama Shaabani, naomba bwana harusi."

Kimya. Alafu mlango ukafunguka kidogo. "Wangapi?"

"Watatu."

"Na mahari?"

Tumekubaliana bakuli mbili za majani, yamenywe nyuzi kabisa, Kelvin bado hajaambiwa.